Barua ya Wazi: Rudisheni Gita la Besi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Burudani,
Kigali.

Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta kwako zilipokewa na kugongwa muhuri, kisha kukawa kimya. Naandika kwa Kiswahili, ambacho Bunge letu lilikipitisha mwaka 2017 kuwa lugha rasmi, hivyo natarajia barua hii isomwe na ijibiwe.

Tukio unalijua. Ijumaa ile maofisa wako waliingia kwenye ukumbi wetu mdogo wa muziki na filamu karibu na makutano ya Sonatubes, kabla hata ya saa nne usiku. Kibali kilikuwa kimebandikwa ukutani. Kiongozi wa mtaa (mudugudu) alikuwa na taarifa, na baadhi ya majirani walikuwa wamekaa humo ndani pamoja nasi. Hakuna aliyepima sauti. Walibeba spika, mikisa, projekta na gita la besi, wakatuachia karatasi iliyoandikwa kosa moja: kelele.

Nataka tuzungumzie gita hilo. Si langu, wala si la ukumbi. Ni la mpiga besi wetu, mzee aliyesomesha watoto kwa nyuzi zile nne. Gita la umeme likichomolewa waya, hata aliyekaa meza ya pili halisikii. Kama kosa lilikuwa kelele, gita lilikosa nini? Tangu siku hiyo mzee huyu amepitwa na kazi za harusi, kwa sababu hakuna bendi inayomwita mpiga besi asiye na besi. Nami nilirudisha viingilio vyote na bado nadaiwa kodi ya ukumbi. Hilo ni langu, nitalibeba. La kwake siwezi kulinyamazia.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kukaa kwenye igisope ya mtaani, acha nikueleze. Bendi hukaa hatua mbili kutoka kwa wasikilizaji. Mtu huagiza wimbo wa bendi ya Impala aliousikia redioni utotoni, na mwimbaji akisahau ubeti, meza ya nyuma inaumalizia. Mwimbaji Makanyaga Abdul ameimba hivyo kwenye baa za jiji hili kwa miongo mingi, na vijana wamejifunza kwa kumtazama vidole na pumzi. Kwetu, vijana walikuwa wakimtazama mzee wa besi. Alikuwa akiwaonyesha namna ya kusubiri: besi ya nyimbo za zamani haikimbilii noti, inaiachia ngoma nafasi, na ndiyo maana watu wa rika zote wanaweza kuicheza. Somo hilo limesimama, kwa sababu chombo cha kufundishia kimefungiwa stoo kwenu.

Baada ya muziki huja filamu. Usiku ule tulikuwa tumeandaa ile ya mwongozaji Nabwana I.G.G. ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno na bunduki za kuigiza, ikapata mashabiki dunia nzima. Haitazamwi kimya. Sauti ya msimulizi VJ Emmie inapiga kelele juu ya picha, inacheka, inasifu, inaonya, na watazamaji wanaijibu. Watu wa Kigali hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Tumekulia kwenye agasobanuye, tukimsikiliza marehemu Yanga akizungumza Kinyarwanda juu ya filamu za watu wa mbali mpaka zikawa zetu. Nimeona mwanafunzi, dereva wa pikipiki na mama muuza matunda wakitamka sentensi moja kwa pamoja mbele ya kitambaa cheupe, kisha wakaulizana majina. Watu hao hawakuwa wakifahamiana, ingawa wote wanapita Sonatubes kila siku.

Hakuna anayedai tupige muziki mpaka alfajiri. Agosti 2023 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Septemba mosi sehemu za burudani zifungwe saa saba usiku siku za kawaida, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Tuliutii uamuzi huo, na ratiba yetu iliisha mapema kuliko hapo. Jirani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala, nami nitamtetea. Lakini haki yake hulindwa kwa kipimo, kwa onyo, kwa kuambiwa tupunguze sauti. Hailindwi kwa kumnyang'anya mzee chombo chake cha kazi.

Hapo ndipo hasira yangu inapovuka ofisi yako. Desemba 2023 Kendrick Lamar alitumbuiza kwenye ukumbi wa BK Arena. Februari 2025 akaja John Legend. Nilifurahi. Barabara zilipangwa, ulinzi ukawekwa, na jiji likajivunia. Mwaka 2019 filamu ya Joel Karekezi, The Mercy of the Jungle, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou, na sote tukapiga makofi. Tangu 2014 tuna shule ya muziki iliyoanzia Nyundo. Sasa niambie, Mheshimiwa: kijana anayemaliza shule hiyo ataanza kupiga wapi? Arena yenye viti elfu kumi haimwiti mtu asiyejulikana. Anajulikana kwenye kumbi zenye viti vya plastiki, mbele ya watu hamsini, akiwa na mpiga besi anayemrekebisha. Tunasherehekea utamaduni ukishafika kileleni, huku tukiubana pale unapoanzia. Mji unaotaka wasanii wakubwa lazima uvumilie mazoezi yao.

Kwa hiyo nadai haya. Gita la besi lirudishwe kwa mwenyewe wiki hii, likiwa zima, bila faini na bila kumzungusha kati ya madirisha. Alipwe kazi alizokosa. Vifaa vingine virudishwe, au nipewe sababu kwa maandishi, yenye jina na cheo cha aliyeitoa. Kuanzia sasa ofisa asiye na kipimo cha sauti asifunge ukumbi wenye kibali, na chombo cha kazi cha mwanamuziki kisikamatwe kamwe kwa kosa la spika. Na barua ya mwananchi ijibiwe, hata kama jibu ni hapana.

Haya mengine tunaweza kuyajadili mezani, nami nitakuja ukiniita. La gita halihitaji mjadala. Linahitaji ufunguo wa stoo na saini yako.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mwandaaji wa usiku wa muziki na filamu, Sonatubes