Kimanga Hakihitaji Kibali cha Serikali

Wasee wa Voi, kuna kitu kinanikera. Kila tarehe 1 Machi watu wa Wales wanamsherehekea Mtakatifu David, askofu wao wa karne ya 6. Watoto wanaenda shule na mavazi ya kienyeji, na wakubwa wanabandika liki kifuani. Liki ni jamaa ya kitunguu, na ndiyo, wanatembea nayo mjini! Nyumbani kunapikwa cawl, supu nzito ya nyama ya kondoo, viazi na hiyo hiyo liki. Alafu kuna vikeki vya zabibu kavu, vinachomwa juu ya chuma bapa.

Sasa skiza: hiyo si sikukuu ya serikali. Bunge lao lilipiga kura mwaka 2000 waipate, London ikakataa. Watu wanaenda kazi kama kawaida, na liki bado iko kifuani.

Waganda nao 3 Juni wanajaa Namugongo kwa mashahidi waliochomwa 1886, na kuna Wakenya wanaotembea kwa miguu hadi huko.

Sisi je? 20 Oktoba ni Mashujaa, tumepewa likizo kamili. Taita tuna Mwangeka, aliyewapinga Waingereza. Lakini siku hiyo Kaloleni ni foleni ya chipsi na soseji, kisha usingizi.

Kimanga tumekiita chakula cha wazee. Mihogo au viazi vitamu, na maharagwe, vinachemka mpaka vilainike, halafu unaponda na mwiko hadi mkono ulie. Bei yake haifiki ya chipsi kuku, na shibe yake inakufikisha kesho.

Najua komenti zinakuja: "Wewe uliacha chuo, unatufunza utamaduni?" Manze, hakuna lekcha ya kimanga niliyoikosa huko.

Kinachonipa wasiwasi ni hiki. Nilimuuliza nyanyangu maji yanabaki kiasi gani kabla ya kuponda. Akasema, "Utaona." Hana kipimo, hana kitabu, yote iko kwa mkono wake, na huo mkono sasa unachoka haraka. Video zangu zote za densi haziwezi kunirudishia hiyo "utaona" akiondoka.

Kwa hivyo 20 Oktoba, kila ploti sufuria moja. Nyanya wakae kwa kiti watuelekeze, sisi tuponde. Tusingoje kaunti ilete hema na spika.

Mkaa nitaleta mimi. Nani ana sufuria kubwa?