Simu Mkononi, Ufunguo kwa Tajiri



Siku ya mshahara iliyopita alikuja kijana mmoja getini pa shamba letu la minazi, akatandika kitambaa juu ya meza, akapanga simu janja mpya. Bei ya simu hakuitaja. Alichotaja ni kiasi cha kutoa kila wiki, nacho kilikuwa kidogo, kama bei ya fungu la dagaa. Kabla jua halijachwa wenzetu kumi na wawili walikwisha tia sahihi. Mimi sikutia, si kwa sababu nina akili kuliko wao, bali kwa sababu simu yangu ya zamani bado inalia.

Nimeona vema tuzungumze juu ya meza ile, maana watu husema simu ni simu tu. Si kweli. Ndani ya kila simu mna matajiri wawili wanaovutana: mwenye kiwanda aliyeiunda, na mwenye minara anayetuuzia sauti na intaneti. Kila mmoja anataka wewe uwe mtu wake kwanza, wa mwenzake baadaye.

Huko Marekani, hadi mwaka 2007, bwana alikuwa mwenye minara. Yeye ndiye aliyeagiza simu kiwandani, akabandika jina lake juu yake, akaamua iwe na nini na ikose nini, kisha akamfunga mnunuzi kwa mkataba wa miaka miwili. Mwaka huo Apple ilipotoa iPhone ilikataa sehemu kubwa ya desturi hiyo. Kampuni ya AT&T ikakubali kuuza simu isiyo na jina lake, yenye programu ambazo haikuzichagua, na mwanzoni ikawa inaimegea Apple sehemu ya malipo ya wateja ya kila mwezi. Tajiri wa minara akawa mpangaji katika nyumba aliyokuwa akiiita yake.

Huku kwetu pwani mambo hayakwenda hivyo, na sababu ni fedha. Sisi hatuna mikataba ya miaka miwili, tunanunua vocha. mCel ilianza mwaka 1997, Vodacom ikaingia 2003, na Movitel, yenye mtaji wa Wavietnam wa Viettel, ikaanza kazi 2012 na kusimamisha minara hata vijijini ambako wengine hawakujali kufika. Kisha M-Pesa, iliyoanzia Kenya mwaka 2007, ikafika Msumbiji mwaka 2013. Tangu hapo laini ikawa ndiyo mfuko wa fedha. Simu ikianguka baharini, fedha hazizami nayo, zimo kwenye akaunti ya namba yako. Ndiyo maana mwenye minara huku ana mkono mrefu kuliko yule wa Marekani. Simu utabadili mara tatu, lakini namba unayopokelea mshahara na anayoijua mama yako kijijini huibadili ovyo.

Na yeyote aliyekuwa Palma anajua nguvu ya minara kwa njia nyingine. Tarehe 24 Machi 2021, mji uliposhambuliwa, mawasiliano yalikatika. Saa ile haikumfaa mtu kwamba simu yake ni Samsung au Tecno. Watu walikimbilia Quitunda na kwingineko bila kujua mtoto yuko wapi, simu zikiwa mifukoni zimejaa moto wa betri.

Kitu kimoja tu kilitupa sisi nguvu kidogo katika mvutano huu, nacho ni simu ya laini mbili. Makampuni makubwa ya Ulaya hayakuwa na haraka nayo, Nokia yenyewe ilitangaza simu yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2010. Wachina wa Transsion, wenye Tecno na Itel, waliona mapema kwamba mnyonge wa Afrika hubeba laini mbili au tatu na kuhesabu kila senti. Wakamtengenezea simu yake, na leo ndio wauzaji wakubwa wa simu barani. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Lakini faida tuliipata: huyu akipandisha bei ya intaneti unahamia kwa yule, na wenye ndugu Mtwara huweka laini ya Tanzania upande wa pili.

Nguvu hiyo, hata hivyo, inategemea matajiri kushindana. Mwezi Mei 2024 zilipoanza kutumika bei za chini zilizowekwa na mamlaka ya mawasiliano, INCM, vifurushi vya bila kikomo viliondolewa na watu wakalalamika nchi nzima. Kuwa na laini mbili kungesaidia nini wakati kote bei ilikatazwa kushuka?

Sasa turudi kwenye meza ya getini. Jambo jipya ni kwamba mwenye kiwanda na mwenye minara wameanza kupatana. Nchini Kenya, Julai 2020, Safaricom pamoja na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kuanzia, kisha shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa. Usipolipa, simu inafungwa kutoka mbali. Mwaka 2023 Safaricom na wenzake wakafungua na kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River. Sitaki kuwa mwongo: wako watu wengi waliopata simu janja kwa njia hiyo ambao wasingeipata kamwe, na mtoto wao anasomea humo. Fundi au muuza samaki anayepata chochote kila siku anaweza kulipa kila siku. Je, sisi tunaolipwa mwisho wa mwezi, tena ukichelewa, tutalipaje?

Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika wanakikumbuka kipande, ile kadi ya siku 30 ambayo usipoimaliza huoni mshahara. Na waliobaki huku wanaikumbuka kantina ya shamba, ambako sukari na kitambaa vilitolewa kwa deni, na siku ya malipo karani akasoma daftari lake mwenyewe. Deni la simu ni kali kuliko la kantina kwa jambo moja: mwenye kantina hakuweza kuizima sukari ikiwa tayari kikombeni.

Mwenzetu mmoja alichukua simu ya mkopo mwaka jana. Vita ikamfukuza kijijini, akalala wiki tatu kwa shemeji yake bila kazi. Aliporudi simu ilikuwa imefungwa, picha za watoto zimo ndani, namba za jamaa zimo ndani. Alikwisha lipa zaidi ya nusu. Hakurudishiwa hata senti.

Naomba kamati zetu za chama zilipeleke jambo hili kwa mwajiri kabla ya siku ya mshahara ijayo. Asikate deni la simu kwenye mshahara, wala asitulazimishe kupokea malipo kwa mtandao mmoja, kwa maana hiyo ni kutunyang'anya ile laini ya pili. Anayeuza getini asome mkataba kwa lugha tunayoisikia, ataje bei kamili, na simu ikifungwa iendelee kupiga na kupokea.

Karatasi ya yule mwenzetu ninayo hapa mezani. Ina kurasa nne, zote kwa Kireno. Nimeisoma mara mbili pamoja na mwalimu, na hatukuona mahali palipoandikwa mtu ana siku ngapi za kuchelewa kabla hawajamfungia.