Kutoka Maiyoro hadi Ukuta Mfupi
Pakuru, yaani ustadi wa kuvuka kuta na mitaro kwa kukimbia, kuruka na kukwea bila kifaa, uliokuzwa na David Belle na wenzake mjini Lisses, Ufaransa, humvunja moyo kijana anayejilinganisha na video za mabingwa wa mbali, ilhali kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya zina vielelezo vya karibu vya subira: mwanariadha Nyantika Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000 za Olimpiki mjini Melbourne mwaka 1956, na miaka 12 baadaye Naftali Temu, Mgusii mwenzake, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Subira hiyohiyo, iliyo adimu na ya thamani kubwa, katika pakuru huanzia kwenye ukuta mfupi, kwa kutua magoti yakiwa yamekunjwa, kabla mvua ya alasiri haijalowesha mawe.