Mgomo wa angani? Mgomo upi?

Jamani, kuna hii habari inayoibuka mtandaoni kila baada ya muda: eti mwaka 1973 wanaanga watatu wa Marekani waligoma wakiwa hukohuko angani. Eti walichoshwa na mabosi, wakazima redio, wakashinda siku nzima wanaangalia dunia dirishani. Habari tamu kweli. Nani asiyetamani kumzimia bosi redio, hata kwa saa moja tu? Tatizo ni kwamba haikutokea.

Kilichotokea ni hiki. Novemba 16, 1973 Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue walirushwa kwenda Skylab, kituo cha kwanza cha Marekani cha anga za juu. Wote watatu walikuwa wageni wa safari hizo, na walikaa siku 84, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Kundi lililowatangulia lilikaa siku 59 na kufanya kazi kupita malengo. Basi wapanga ratiba kule Houston wakachukua kasi ya watu waliokwisha kuzoea, wakawatwisha hawa tangu mwanzo. Pogue siku ya kwanza tu alitapika. Wakakubaliana wasiseme, wakasahau kwamba kinasa sauti kilikuwa kinawanasa, na Alan Shepard, mkuu wa wanaanga, akawakaripia redioni. Mwanzo mbaya huo.

Ikafuata kazi ya saa 16 kwa siku. Maelekezo yalitoka kwenye mashine kila asubuhi, karatasi ndefu, kila dakika ina shughuli yake. Siku za mapumziko nazo zikaliwa. Ukichelewa kazi moja, zote zinazofuata zinaharibika.

Na ule ukimya wa redio? Walikuwa na kawaida ya kupokezana zamu ya kuwasiliana na Houston. Safari moja wakakosea kupanga, asiitike hata mmoja, basi. Hilo ndilo limekuzwa likawa siku nzima ya mgomo. Mazungumzo yao na Houston yaliandikwa neno kwa neno na yapo. Lakini mwaka 1976 Henry Cooper alitoa kitabu kilichowachora kama waasi, na mwaka 1980 shule ya biashara ya Harvard ikautumia "mgomo" huo kama somo la menejimenti. Sisi waandishi tukaendelea kunakili. Nani akafungue makabrasha wakati kichwa cha habari kimeshapatikana?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uongo huu umefunika sehemu nzuri ya kisa. Desemba 30 Carr na wenzake walikaa redioni wakaongea na Houston bila kuficha: hatuwezi kwenda hivi, tunakosea kwa sababu tunakimbizwa. Houston nao wakaeleza yao, kisha wakalegeza. Muda wa kula na jioni waachiwe, kazi ndogondogo ziwekwe kwenye orodha, kila mtu achague akipata nafasi. Kazi ikapanda! Januari 21, 1974 Gibson akafanikiwa kurekodi mlipuko wa juani tangu unaanza, na waliporudi Februari 8 walikuwa wamefanya zaidi ya kilichopangwa kabla hawajaondoka. Ukishasema waligoma, mabosi wanakuwa watu walioshindwa nguvu. Ukweli ni kwamba waliambiwa wamekosea, wakasikia. Hiyo mbona haiuzi magazeti?

Wanaoshikilia mgomo wana hoja moja wanayoipenda: mbona hakuna hata mmoja wao aliyerudi angani? Ni adhabu ile! Lakini wao ndio walikuwa kundi la mwisho Skylab, na chombo kipya cha Marekani, kile cha kwenda na kurudi, kiliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Kufikia hapo Carr na Pogue walikuwa wameshaondoka NASA.