KIHARUSI, SEHEMU YA 6: Mgonjwa aliyesahau upande wa kushoto

Sehemu ya 5 tuliongelea kumgeuza mgonjwa kitandani ili asipate vidonda, na tangu hapo inboksi yangu imejaa. Swali moja limejirudia sana, kwa hiyo mambo ya kulisha nayasogeza mbele. Swali ni hili: "Sista, baba anaona vizuri tu, ila anakula nusu sahani halafu analalamika njaa. Ni akili?"

Hapana, akili ipo. Wala jirani hajamfanyia kitu. Kiharusi kikipiga ubongo wa kulia, mkono na mguu wa kushoto vinalegea, na hilo kila mtu analiona. Kinachojificha ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa upande wenyewe wa kushoto unafutika kichwani. Macho yanafanya kazi, ila ubongo hauendi kutafuta chochote kule. Anakula ndizi na maharage ya kulia, ya kushoto anayaacha. Ananyoa ndevu nusu. Zungusha sahani uone: atamaliza na yaliyobaki, tena atashangaa nani kamwongezea.

Sisi watu wa Kagera jambo hili linatuumiza zaidi kwa sababu ya salamu. Niliwahi kuona mkwe katoka Muleba alfajiri, kafika wodini, kakaa kiti cha kushoto, kasalimia kwa adabu zote. Mama mkwe kimya. Akarudia. Kimya. Kaondoka amevimba, na ugomvi ule ulifika hadi kikao cha ukoo. Angehamisha kiti tu, waitu!

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Miaka kadhaa nyuma, hospitali niliyokuwepo tulimruhusu mzee mmoja. Presha imeshuka, anatembea na fimbo, ndugu wamefurahi. Hakuna aliyempima jambo hili, na mimi ndiye niliyemkabidhi dawa na kumtakia safari njema. Wiki ya pili akarudi nyonga imevunjika. Alikuwa anavuka barabara ya Bukoba kwenda Muleba. Fikiria: kwetu magari yanapita kushoto, kwa hiyo ukianza kuvuka, gari la kwanza linatokea kulia kwako. Hilo aliliona, akalisubiri likapita. Ukifika katikati, linalokuja linatokea kushoto. Ilikuwa bodaboda. Mzee alituapia kwamba hakukuwa na pikipiki yoyote, na hakuwa anadanganya.

Ndiyo maana msimamo wangu ni mmoja, wauguzi wenzangu mnaonisoma, mlioko Bukoba mjini na mlioko Rubya, Ndolage au Kagondo: mgonjwa wa kiharusi asitoke wodini kabla hajapewa karatasi na kalamu. Chora mistari mirefu ya kulala, mmoja huku mwingine kule, mwambie aweke alama katikati ya kila mmoja. Mwenye shida ataweka alama mbali kulia, na mistari ya kushoto anaweza kuiruka kabisa. Dakika mbili. Halafu mwangalie akila, maana wapo wanaofaulu karatasi na kufeli sahani. Mtaniambia wodi zimejaa. Najua, nami nipo humo humo. Presha tunapima mara ngapi kwa siku?

Haya, tiba. Ya kwanza ni kuyazoeza macho kutafuta kushoto. Funga kitambaa chekundu ukingoni mwa sinia upande wa kushoto, na mgonjwa asianze kula mpaka akione. Akisoma Biblia au gazeti, weka utepe mwekundu pembeni kushoto, kila mstari aanzie pale. Inachosha, na itabidi umkumbushe mara mia bila kumfokea. Kaa kushoto kwake ukiongea naye, mguse mkono ule, mwite mpaka ageuke. Lakini maji, fimbo na kengele ya kuita msaada weka kulia anapoona. Kuna familia zinahamishia kila kitu kushoto "ili azoee", mgonjwa anashinda na kiu. Mazoezi yawe na muda wake.

Ya pili, vidole vya kushoto kama vinacheza hata kidogo, avichezeshe upande ule ule wa kushoto. Ian Robertson na wenzake huko Uingereza walionyesha miaka ya 1990 kwamba mjongeo mdogo kama huo unaweza kuvuta umakini kuelekea kushoto.

Wengi mmenitumia video za miwani maalumu. Ni kweli zipo. Yves Rossetti na wenzake, Lyon, Ufaransa, walitoa utafiti wao 1998: lenzi zinasogeza picha nyuzi 10 kulia, mgonjwa ananyooshea kidole alama mara nyingi, na miwani ikivuliwa mkono na umakini vinasogea kushoto kwa muda. Ila tafiti zilizofuata hazikubaliani kama inambadilishia maisha ya kila siku nyumbani. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya hiyo miwani.

Mimi kilichonivutia zaidi ni kioo. India, 2014, madaktari walijaribu kwa wagonjwa 48. Kioo kinasimamishwa katikati, mkono mbovu nyuma yake, mzima mbele. Mgonjwa anachezesha mkono mzima huku akitazama kioo, anaona kama wa kushoto ndio unacheza. Waliotumia kioo walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya mistari na picha. Utafiti ni mdogo, lakini kioo kinapatikana sokoni. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe namna ya kukaa. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaofundishwa KCMC Moshi, ndio hasa wa kazi hii, ila ni wachache mno, hivyo mzigo unabaki kwako wewe unayemlisha.

Sehemu ya 7 ni Ijumaa: mgonjwa anayepaliwa. Kama una mgonjwa nyumbani, leo usiku zungusha sahani, kisha niandikie ulichoona.