Chipu Haiijui Draiva Yako

Mwandishi anayetutaka tuandike kwenye mti wa vifaa (device tree) yale tu yanayotumiwa na draiva ya leo, mengine tuyaongeze yakihitajika, amekosea mahali pa kuanzia. Maelezo yale si ya draiva, ni ya ubao: chipu gani imetiwa lehemu, waya upi umeingia pini ipi. Draiva ya Linux hubadilika toleo kwa toleo, na mti huohuo husomwa pia na programu ya kuwashia ya U-Boot. Lehemu imekaa palepale. Tazama ADV7180 ya Analog Devices, inayogeuza video ya analogi kuwa ya dijitali. Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa na mlango mmoja tu, wa kutolea. Kumbe chipu hiyo ina umbo lenye viingizio 3 na jingine lenye 6, na mti haukuwa na pa kusema kamera imechomekwa kipi. Ikabidi yaje majina mapya: adv7180cp, yenye milango 0 hadi 2 ya kuingizia na wa 3 wa kutolea, na adv7180st, ambayo mlango wake wa kutolea ni wa 6. Jina la zamani likabaki na umbo lake, maana mbao zilizokwisha kuuzwa hazirudishwi kiwandani.

Mwandishi huyo atasema kuandika yasiyotumiwa leo ni ubashiri. Ubashiri gani, ilhali idadi ya viingizio imechapishwa kwenye hati ya mtengenezaji? Namkubalia moja: thamani za rejista na mapendeleo ya programu yasitiwe humo, kwani hayo ndiyo huchakaa. Mlango usio na waya, kwa upande wake, huachwa bila kuandikwa, na namba yake inausubiri.