Mngurumo kabla ya mtikisiko

Hapa Beni na Butembo masikio yetu yamezoea vita. Kishindo kikilia usiku, tunabeba watoto mgongoni na mlango unabaki wazi. Lakini si kila kishindo ni bomu. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 20 Machi 1966, ardhi ilipotetemeka upande wa Ruwenzori, kwetu na Uganda. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Mwamba unapokatika chini, wimbi la kwanza linakimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde. Linatikisa kidogo tu, ila likifika juu linaingia hewani na kuwa sauti: mngurumo mzito, kama lori lililojaa mbao. Wimbi la pili, lile linalobomoa, liko nyuma yake. Bomu hulia mara moja. Ardhi huvuta sauti, na sahani kabatini zinaanza kugongana.

Kati ya mawimbi hayo kuna sekunde chache, na chanzo kikiwa karibu sana hakuna hata moja. Hazitoshi kufika barabarani. Zinatosha kumvuta mtoto mbali na ukuta wa matofali, aingie chini ya meza ngumu, mikono kichwani. Wiki hii tuwaonyeshe watoto meza hiyo, mchana, bila kuwatisha.